Tangi Namba Tatu: Fimbo Iliyoacha Kulia

Tulipoachana wiki jana, waya ulikuwa umeshapita kwenye pete ya kifuniko, koleo liko mkononi, na Mama Lakiri, mkaguzi wa matangi ya mafuta, alikuwa amebakiza kubana tu kipande cha risasi juu ya waya huo ili tangi namba tatu lifungwe kwa amri ya serikali. Ndipo mwenye kituo cha mafuta, yule ambaye wafanyakazi wake humwita Bwana Pipa akishawapa mgongo, akaegemea pampu na kusema, "Kabla hujabana, nenda kamuulize baba yako."

Wasomaji watatu wameniandikia kunitukana kwa kuwaacha pale. Matusi nimeyapokea. Tuendelee.

Mama Lakiri hakubana. Alibaki amechuchumaa juu ya kile kifuniko cha chuma, jua la saa nne likimchoma shingo.

"Baba yangu amefanya nini?"

"Amenipimia matangi miaka ishirini na miwili," alisema Bwana Pipa. "Wewe na idara yako mnasema mafuta yangu yanavujia kwenye kisima cha watu. Mimi nakwambia hayakuvuja. Yaliibwa. Na aliyeyaiba anakuita mwanangu."

Wahudumu wawili wa pampu wakajifanya wanafuta kioo cha gari ambacho kilikuwa kimeshafutwa.

Mtaa mzima ulimjua mzee huyo. Walimwita Mzee Ngo. Kila asubuhi, kabla pampu hazijafunguliwa, alisimama juu ya tangi namba tatu na fimbo yake ndefu yenye ncha ya shaba, akaielekeza kwenye bomba, akaiachia. Fimbo ilishuka yenyewe mpaka chini ikalia ngo. Hapo ndipo alipoamini kuwa imefika, akaivuta, akasoma mafuta yamelowesha mpaka wapi. Jioni alirudia vilevile. Watu wa nyuma ya kituo waliamka kwa ngo ya asubuhi, na wengine wakapakua chakula kwa ngo ya jioni.

Bwana Pipa akamtupia daftari la vipimo magotini.

"Soma. Miezi minne ya mwisho kabla hajaacha kazi."

Mama Lakiri akasoma. Mwandiko ulikuwa wa baba yake, hata saba zile za kukatwa katikati. Jioni ameandika kipimo fulani. Asubuhi yake, bila lori lolote kushusha mafuta, kipimo kimeongezeka. Ukurasa wa pili hivyohivyo, na wa tatu.

"Tangi langu limekuwa mbuzi?" aliuliza Bwana Pipa. "Linazaa usiku? Aliandika mengi ili nisione machache. Siku za mwizi ni arobaini, na baba yako amezizidisha."

Aibu ilimpanda Mama Lakiri mpaka masikioni. Alikuwa mkaguzi, na mkaguzi yeyote angesoma kurasa zile angesema neno lilelile.

Simu ikaita. Alikuwa Mkurugenzi wake.

"Umefunga?"

"Bado, mkubwa."

"Usifunge. Juzi mlishusha timazi ya ofisi kwa kamba ndani ya tangi hilo, ikafika chini, kipimo kikawa sahihi. Tangi zima, halina neno."

"Kisima kinanuka petroli, mkubwa. Maji yana rangi za upinde juu yake. Nyumba mia mbili zinachota pale."

"Kinanuka, lakini hakijataja jina la aliyekinukisha. Lori linashusha saa sita. Niletee ushahidi kabla ya saa sita, au uniletee hilo koleo mezani kwangu na barua ya kuacha kazi. Na habari za mzee wako nimeshazisikia. Ukifunga bila ushahidi, watasema umemfichia baba wizi kwa kusingizia uvujaji. Hata mimi nitasema."

Akakata.

Sasa tazama alivyobanwa. Akifunga, ameonekana anamsitiri mwizi aliyemzaa. Asipofunga, saa sita lori linamwaga lita elfu kumi na nane ndani ya tangi ambalo yeye, kwa pua yake na kwa akili yake, anaamini limetoboka juu ya maji ya watu.

Nje ya uzio walikuwa wamekusanyika wanawake na ndoo tupu. Mbele yao alisimama Mwenyekiti wa Kisima, mwanamke mwembamba ambaye ulimi wake haujawahi kwenda likizo.

"Mkaguzi, unafunga au umekuja kupunga upepo?"

"Narudi sasa hivi."

"Hata mwenzako wa mwezi uliopita alituambia anarudi. Labda amepotea njia, mumtafute."

Mama Lakiri akapita katikati yao. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa mtaa wa nne, na mwendo alioutembea siku hiyo majirani waliutafsiri kuwa kuna msiba.

Alimkuta baba yake barazani anakaza skrubu za kiti. Ndani, juu ya redio, fimbo ilikuwa imetundikwa ukutani kwa misumari miwili. Alipewa siku anaaga kazi, na ndiyo zawadi pekee ambayo Bwana Pipa alijulikana kuwahi kutoa.

"Baba, Bwana Pipa anasema uliiba mafuta."

Mzee hakuinua kichwa. "Anasema nini?"

"Anasema uliiba."

"Nimekusikia mara ya kwanza. Nilikuwa nakupa nafasi ya kusema jambo jingine."

"Nimeona daftari. Asubuhi unaandika mafuta mengi kuliko ya jana jioni. Nieleze."

"Niliandika nilichokiona kwenye fimbo."

"Tangi halizai, baba."

"Na mimi sizai vipimo." Aliweka bisibisi chini. "Umekuja kama mwanangu au kama serikali? Nijue kama nikupe kiti au nikuache umesimama."

"Nimekuja na saa moja na nusu. Kwa nini uliacha kazi ghafla? Hukufukuzwa. Muda wako ulikuwa haujafika. Uliamka siku moja ukasema basi."

Mzee akasimama.

"Mama," aliita kuelekea jikoni, "mwambie mwanao aondoke."

Mama yake akatokea mlangoni anajifuta mikono kwenye kanga. "Siondoi mtu. Mwambie. Miaka miwili nakutunzia siri isiyo na faida hata ya kuniongezea unene."

Mzee akasema, akiwa ametazama sakafu, "Nilikuwa siisikii."

"Husikii nini?"

"Fimbo. Miezi ile ya mwisho naiachia, inashuka, inafika, haisemi kitu. Nikainama mpaka sikio likagusa bomba. Kimya. Nikajua masikio yamekwisha. Mpimaji asiyesikia chini anabahatisha tu, mwanangu. Nikaona niondoke na heshima yangu kabla vijana hawajaanza kunicheka."

"Masikio yapi?" aliuliza mama. "Huyu mimi nikiwa jikoni, mlango nimefunga, nikiongeza kijiko cha tatu cha sukari, anakohoa huku nje."

"Sukari ni jambo jingine."

Mama Lakiri alikuwa ameacha kuwasikiliza.

"Baba, matangi mengine yalikuwa yanalia?"

"Namba moja na namba mbili yana saa zao za kioo za kupimia tangu zamani. Fimbo ilikuwa ya namba tatu peke yake."

"Na ulipoondoka, nani alishika kazi ya kupima?"

"Walinunua mtambo wa umeme. Nasikia ulikufa mvua za kwanza. Sasa nadhani wanapima kwa kuomba Mungu."

Mama Lakiri akaingia ndani, akaishusha fimbo ukutani, akaigeuza ncha juu. Shaba ilikuwa imechongoka kama penseli. Akapeleka kidole pale, akahesabu kichwani. Kila asubuhi na kila jioni kwa miaka ishirini na miwili, fimbo ilikuwa inaanguka kutoka usawa wa bega. Bomba limenyooka, kwa hiyo ncha inatua palepale kila siku, mara elfu kumi na sita. Ncha ilikuwa imelika, na chuma kilichokuwa chini yake hakikuumbwa na Mungu mwingine.

"Baba, masikio yako hayana ubaya wowote," alisema. "Fimbo ilikosa cha kugonga."

"Sema vizuri."

"Sakafu ya tangi imetoboka pale inapotua. Fimbo yako inapita kwenye tundu, inaingia kwenye udongo. Ndiyo maana hailii. Na ndiyo maana vipimo viliongezeka. Kila ikiachiwa fimbo inazama zaidi ya jana, inalowa zaidi, wewe unasoma mafuta yameongezeka. Timazi ya ofisi yetu ni nene kama ngumi, inakaa juu ya tundu kama kifuniko cha sufuria. Kwetu tangi ni zima."

Mzee akakaa. Mkewe akamshika bega.

"Kwa hiyo mimi si kiziwi," alisema.

"Si kiziwi."

"Na si mwizi."

"Si mwizi, baba."

Akacheka. Mama Lakiri alikuwa hajamwona akicheka hivyo tangu aache kazi, akafurahi naye kwa muda usiozidi pumzi tatu. Kicheko kikakatika kama kilivyoanza.

"Basi aliyetoboa ni mimi," alisema mzee.

"Haiwezekani," alisema Mama Lakiri kwa haraka, kama mtu anayejitafutia mlango. "Chini ya bomba hutakiwa kuwe na bamba nene la chuma la kupokea fimbo. Ni sheria. Tangi lolote la kupimwa kwa fimbo lazima liwe nalo."

"Mimi bamba sijawahi kuliona."

"Uliniambia lipo."

"Lini?"

"Miaka minne iliyopita. Tangi lilipomwagwa kusafishwa. Nilikuja kulikagua, ulikuwa umetoka kusugua ndani, umesimama juu na ndoo ya mashapo ya mafuta."

Mzee akamtazama mwanawe, na mtazamo ule ulikuwa wa huruma, jambo ambalo lilimuumiza Mama Lakiri kuliko tusi lolote la siku hiyo.

"Uliniuliza, 'Baba, chini kuko sawa?' Nikakujibu kuko sawa, mwanangu. Nilikuwa nimepafagia vizuri. Habari za bamba hukuniuliza."

Ikamrudia yote. Fomu ilikuwa na swali: bamba la kupokea fimbo lipo au halipo. Alipaswa kushuka kwa ngazi, atazame kwa tochi. Lakini wiki hiyo alikuwa ana sare mpya, na chini kulikuwa na mashapo, na aliyesimama juu ya tangi alikuwa baba yake, mtu mwaminifu kuliko wote aliowajua. Akatia alama kwenye "lipo". Akasaini. Nakala moja ikaenda ofisini, nyingine akapewa Bwana Pipa.

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Nami sitamtetea. Mtu aliyepewa koleo la serikali anatakiwa achafue sare.

"Twende," alisema mzee, akiichukua fimbo mkononi mwake.

"Mnakwenda kumwaga mtama penye kuku wengi," alisema mama.

"Kuku wenyewe wanakunywa petroli," alijibu mzee, akavaa viatu.

Walifika saa tano na dakika ishirini. Lori halikungoja saa sita.

Lilikuwa limeshaegeshwa, dereva amevuta mpira mnene mpaka kwenye tangi namba tatu na ameshafungua kifuniko. Waya wa Mama Lakiri ulikuwa umetupwa pembeni.

"Simamisha," alisema Mama Lakiri.

"Shusha," alisema Bwana Pipa.

Dereva akawatazama wote wawili, akaamua kujikuna kwanza.

Mzee Ngo hakungoja washindane. Alipita katikati yao, akasukuma mpira kwa mguu, akasimama palepale alipozoea kusimama. Mikono ilijua kazi yake. Akaielekeza fimbo kwenye bomba.

"Ondoka kwenye mali yangu, mwizi we," alisema Bwana Pipa.

"Nyamaza usikilize," alisema mzee, akaiachia.

Fimbo ikashuka. Kituo kizima kilinyamaza, hata wale wa nje ya uzio. Zamani, fimbo ikifika chini, kishikio kilibaki nje ya bomba kiasi cha kiganja. Safari hii kishikio kilishuka mpaka kikagonga mdomo wa bomba, na chini hakukulia kitu.

Mzee akaivuta taratibu, akaiinua juani. Ncha ya ile fimbo, upana wa vidole vinne, ilikuwa imepakwa udongo mweusi wenye changarawe.

Mama Lakiri akaukwangua kwa kidole, akaupeleka mbele ya uso wa Bwana Pipa. "Tangi la chuma. Udongo umetoka wapi?"

Dereva wa lori alikuwa wa kwanza kuelewa. Alianza kukunja mpira wake. "Mimi nashusha kwenye matangi," alisema. "Ardhi ina mwenyewe."

Kifuniko kikarudishwa. Waya ukapita. Mama Lakiri akabana koleo, na kile kipande cha risasi kikakaa. Akampigia Mkurugenzi, akasema maneno matatu tu: "Limetoboka. Nimefunga. Njoo." Nje ya uzio mtu akapiga kigelegele kifupi, akanyamazishwa na wenzake waliotaka kusikia yanayofuata.

Sasa ndipo uone mtu mzito anavyoweza kuwa mwepesi. Bwana Pipa alimvuta Mama Lakiri kando ya pampu, sauti ameishusha, jalada la bluu liko kwapani.

"Umeshinda. Sina ugomvi. Imebaki fomu ya leo. Kuna sehemu ya chanzo na sehemu ya mhusika, sivyo?"

"Zipo."

"Andika uzembe wa mpimaji. Ameipiga sakafu miaka yote kama anatwanga. Mzee mwenye mvi zile hakuna atakayemfunga. Mimi nitachimbua tangi, nitaweka jipya. Wewe utabaki na kazi yako." Akafungua jalada nusu, akamwonyesha karatasi. "Usipoandika hivyo, nitawasomea wale kina mama hiki cheti. Kina saini yako, na kimeandikwa bamba lipo. Chagua. Damu ni nzito kuliko maji, lakini kazi nayo ni nzito."

Mama Lakiri akaitazama alama yake ya wino wa bluu. Ilikuwa imechorwa kwa madaha.

Kabla hajajibu, Mwenyekiti wa Kisima alishaingia getini, na wenzake nyuma yake. Mlinzi alifikiria kuwazuia, akafikiria tena.

"Tumeona udongo," alisema Mwenyekiti. "Tunataka kujua kitu kimoja. Nani aliyetoboa?"

"Mimi," alisema Mzee Ngo.

Alisema bila kuinua sauti, fimbo ameishika wima mkononi, tope la ncha linamdondokea kwenye kiatu.

"Wewe?"

"Kwa fimbo hii. Sikujua, lakini ni mimi."

"Nina mjukuu wa miezi saba," alisema Mwenyekiti. "Mwezi mzima anatapika. Nimemwogesha kwa maji yale, nimempikia uji kwa maji yale. Na wewe ndiye tuliyekuwa tunaamka kwa fimbo yako. Tukisema mzee mwaminifu huyo, saa imefika. Kumbe kila tulipokuwa tunaamka ulikuwa unatutobolea kisima."

"Ni kweli," alisema mzee.

"Usiseme ni kweli kana kwamba nimekuuliza jina."

Wanawake wakasogea. Ndoo zilikuwa za plastiki, lakini ndoo ishirini mikononi mwa watu wenye hasira si vyombo vya maji tena. Mmoja akaivuta fimbo kutoka kwa mzee. Mzee akaiachia bila kushindana. Mwingine akamsukuma kifuani, mzee akapepesuka mpaka mgongo ukagota kwenye pampu.

Bwana Pipa akalifunga jalada lake polepole, akalirudisha kwapani. Akamtazama Mama Lakiri na kumpa tabasamu la kirafiki kabisa. Hakuwa na haja ya vitisho tena, kwa sababu kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri bila yeye.

Mama Lakiri alikuwa ameshika kalamu. Fomu ilikuwa mbele yake juu ya kifuniko cha pampu, na nafasi ya mhusika ilikuwa wazi. Angenyamaza dakika mbili tu, watu wangeijaza wenyewe. Baba yake alimtafuta kwa macho kati ya vichwa vya wale wanawake, akamwashiria kwa kidevu kwamba aandike. Alikuwa amekwisha kuamua kumwachia binti yake kazi, abaki yeye na aibu.

Akaiweka kalamu. Akapasua katikati ya wanawake mpaka akasimama mbele ya mzee.

"Mwacheni. Aliyegonga ni yeye," alisema. "Lakini chini ya fimbo panatakiwa bamba la kuizuia isitoboe. Halikuwekwa. Aliyetumwa na serikali kuangalia kama lipo ni mimi. Sikushuka. Niliandika lipo."

"Nyamaza, mwanangu," alisema mzee nyuma yake. "Nyamaza, usijimalize."

Tabasamu la Bwana Pipa likamtoka. Mkono wake ulikwenda kwenye jalada, ukabaki hapo, kwa kuwa hakukuwa tena na cha kusoma.

Mwenyekiti wa Kisima akaiweka ndoo yake chini, taratibu, kama mtu anayetaka mikono yote miwili iwe huru. Akamsogelea Mama Lakiri mpaka pumzi zikagusana.

"Rudia," alisema. "Na safari hii ututazame sisi, usitazame chini."